Kimbunga kikitangazwa: jinsi ya kuokoa mashua, jahazi na yoti

Pwani yetu iko karibu na ikweta, na kwa sababu hiyo manahodha wengi huona vimbunga ni balaa la Madagaska na Msumbiji. Tarehe zinasema vingine. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash zikiwa bandarini. Miaka 80 baadaye, siku ileile ya 15 Aprili, mwaka 1952, ikawa zamu ya Lindi. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote hivi ni vya Aprili na mwanzo wa Mei: msimu wa vimbunga unakaribia kwisha, masika imeshika, kaskazi imeondoka na kusi ndiyo inaingia. Mwenye chombo asilegeze kamba mwezi huo.

Maelezo haya ni kwa mashua, jahazi, ngalawa na yoti za kuanzia Mtwara hadi Unguja. Wa kaskazini zaidi hawana haja ya kuyatupa, maana mawimbi na maji ya kimbunga husafiri mbali kuliko upepo wake.

Piga hesabu ya maji kwanza

Chombo kinachopotea katika kimbunga mara nyingi hupotea kwa sababu maji yalipanda kuliko kamba zilivyoruhusu, au kwa sababu kamba ilisuguka mpaka ikakatika. Upepo hukamilisha kazi tu. Kwa hiyo kabla ya kugusa nanga, jua maji yatafika wapi.

Kwenye pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), tofauti ya kupwa na kujaa hufika kama mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Juu ya hayo weka maji yanayosukumwa na kimbunga. Mgandamizo wa hewa ukishuka, bahari huvimba kama sentimita 1 kwa kila millibaa 1, na upepo unaovuma kutoka baharini huongeza mengi zaidi ya hapo, hasa kwenye ghuba zenye maji machache. Kenneth kilitua siku za maji mafu. Kimbunga kama hicho kikiangukia bamvua, mstari wa mwani ulioachwa ufukweni na maji makuu ya mwezi huo hautakuwa mwisho wa bahari. Panga kwa mita 2 juu ya mstari huo, kwenda wima, na kama ardhi inaruhusu panga kwa 3.

Usijidanganye kwamba kimbunga kitapita wakati wa kupwa. Upepo mkali hudumu saa 12 na zaidi, na ndani ya saa 12 na dakika 25 maji lazima yajae mara moja.

Upepo utatoka wapi

Upande wetu wa dunia kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea pwani, upepo wa mbele yake huvuma kutoka kusini. Hapa ndipo wengi hupotezwa: dalili ya kwanza inafanana kabisa na kusi inayoanza. Kinachotofautisha ni barometa, kipima mgandamizo wa hewa. Kwa kawaida yetu hupanda na kushuka millibaa 3 hivi kwa siku, kwa saa zilezile. Ikishuka millibaa 5 chini ya kawaida ya saa hiyo, hiyo si kusi.

Kitovu kikipita kusini yako, upepo utageuka kutoka kusini kwenda magharibi, kisha kaskazini. Huu upande ni nafuu, kwani upepo wa magharibi unatoka bara na husukuma maji yaondoke, isipokuwa kama umelala mbele ya Mji Mkongwe au mahali pengine panapotazama magharibi. Hapo upepo utakuja uso kwa uso, na nyuma yako kuna ukuta. Kitovu kikipita kaskazini yako, upepo utageuka kutoka kusini kwenda mashariki, kisha kaskazini. Huo ndio upande mbaya: upepo unatoka baharini, una nguvu zaidi kwa kuwa mwendo wa kimbunga unaongezeka juu ya mzunguko wake, na maji yote yanasukumwa kwako. Ukitaka kujua kitovu kiko wapi, geuza uso kwenye upepo. Kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo.

Saa za kufanya kazi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kituo cha Météo-France kilichoko Réunion ndicho kinachovipa vimbunga vya ukanda huu daraja lake. Dhoruba ya wastani ina upepo wa kilomita 63 hadi 88 kwa saa, dhoruba kali 89 hadi 117, na kuanzia 118 ni kimbunga kamili. Soma kasi iliyotajwa, kisha kumbuka kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 60 hubana kila mita ya mraba kwa uzito wa kama kilo 17. Ule wa 118 hubana kwa kama kilo 67, na wa 165 kwa kama 130. Daraja likipanda moja, kamba iliyotosha jana huenda isitoshe leo.

Usingoje tahadhari kubwa. Chombo kihamishwe kimbunga kikiwa bado siku tatu mbali, kwa sababu mawimbi yake hufika kwanza na kufunga milango ya bahari na midomo ya hori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu). Kazi yote iishe saa 24 kabla. Mwenye kutaka kupandisha chombo pwani aangalie mwezi: bamvua kwetu hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na ndiyo maji yatakayokufikisha juu. Kama ni maji mafu, maji hujaa kama saa nne na hayafiki mbali. Itabidi magogo ya kuviringishia na watu wa kutosha, basi anza siku moja mapema zaidi.

Kupandisha pwani

Chombo kinachoweza kutolewa majini kitolewe. Hakuna nanga inayoshinda ardhi kavu iliyo juu ya kutosha.

Ngalawa na mitumbwi ni kazi nyepesi. Ng'oa mlingoti, fungua mirengu, beba kila kitu nyuma ya vichaka au nyumba, kilaze kifudifudi na ukifunge kwenye vigingi. Usiegemee mivinje ya ufukweni. Mizizi yake haishiki sana mchangani, na huanguka mapema. Minazi hustahimili zaidi, lakini usiweke chombo chini yake, maana makuti na nazi zitakuja chini.

Mashua ya mita 7 au 8 ivutwe juu ya kiwango ulichokipima, gubeti (ncha ya mbele) likitazama baharini. Shusha foromali (mti unaobeba tanga), ondoa tanga, ng'oa mlingoti. Kisha tia gadi, miti ya kukiegemeza chombo ubavuni. Kwa mashua ni angalau tatu kila upande, kwa chombo cha mita 10 na zaidi nne au tano. Mchanga uliolowa humeza mguu wa gadi, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya kila moja, na gadi za kushoto zifungwe na za kulia kwa kamba au mnyororo unaopita chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo), zisiteleze kwenda nje. Usifunge gadi kwenye turubai lililofunika chombo. Turubai likipeperuka, litaondoka na gadi yako.

Gadi peke yake hazitoshi. Kimbunga Ivan kilipopiga kisiwa cha Grenada Septemba 2004, yoti zilizokuwa zimesimama yadini zilianguka, moja ikiisukuma nyingine mstari mzima. Tangu hapo yadi za huko hufunga vyombo ardhini kwa mikanda. Kwetu njia rahisi ni gogo la kufukia: chimba shimo la mita 1 hadi 1.5, laza gogo nene la mita 1 ndani yake, zungushia kamba au mnyororo katikati, toa ncha kwa mfereji mwembamba ulioinama kuelekea chombo, kisha fukia na ushindilie. Magogo manne, mawili kila upande, omo (mbele) na tezi (nyuma). Kamba zake ziwe za poliesta, ambazo hazinyumbuki. Nailoni itanyooka, na chombo kitaanza kurukaruka juu ya gadi.

Sasa mvua. Kimbunga kikimwaga milimita 200 juu ya mashua wazi yenye urefu wa mita 8 na upana wa 2, kinaingiza tani 3 za maji. Mashua ya faiba yenye kizibo chini, ikiwa nchi kavu, kizibo kitolewe na omo inyanyuliwe kidogo. Ya mbao iliyoegemea gadi inapasuka maungio kwa uzito huo, kwa hiyo ifunikwe kwa turubai lililokazwa chini ya mkuku, au ilazwe ubavu juu ya magunia ya mchanga ili maji yamwagike.

Ikilazimu kubaki majini

Jahazi kubwa na yoti nyingi hazina pa kupandishwa. Tafuta hori lenye mikoko pande mbili, lenye kona moja au mbili kati yako na bahari, na tope chini. Ghuba ya Mikindani imefungwa vizuri na ardhi. Mahori ya Kilwa yana mikoko minene. Mdomo wa mto mkubwa ni jambo jingine: Aprili mito imejaa, na kimbunga huleta mvua bara. Mkondo wa Rufiji au wa Lukuledi pale Lindi utakuletea magogo na miti mizima usiku, nayo itajibandika kwenye amari zako (kamba na minyororo ya nanga). Chagua hori lisilo na mto nyuma yake.

Ingia hori mapema. Kimbunga Hugo kilipopita Culebra, kisiwa cha Karibi, mwaka 1989, ghuba iliyojulikana kwa usalama wake ilijaa vyombo kutoka visiwa vya jirani, na vilivyoteleza viliburuta vilivyokuwa vimefungwa vizuri. Chombo cha jirani ni hatari kubwa kuliko wimbi ndani ya hori. Msaidie jirani kufunga kamba zake, unajiokoa mwenyewe.

Kwenye mikoko, sogeza chombo karibu kadiri maji ya kupwa yanavyoruhusu, omo ielekee mdomo wa hori. Funga kamba 6 hadi 10, kila moja kwa mti wake au kwa kundi la miti, chini kabisa ya shina. Zungusha mara mbili kwenye shina kabla ya fundo, na weka gunia chini ya kamba, mti usikatwe gome. Usikate mikoko, inalindwa kisheria, na ndiyo inayokulinda wewe usiku huo. Acha ulegevu. Maji yakipanda mita 3, kamba fupi iliyokazwa itazamisha chombo upande mmoja au kung'oa kigingi chake. Kamba ya mita 20 inaweza kupokea mita 3 za kupanda bila shida. Ya mita 5 haiwezi. Weka nanga moja au mbili katikati ya hori, zikuvute usikandamizwe kwenye mashina.

Gati uliache. Chombo kikipanda juu ya nguzo zake na kushuka juu yake, kimetoboka.

Nanga na urefu wa amari

Hapa ndipo makosa ya hesabu huua chombo. Tuseme umetia nanga kwenye mita 4 za maji ya kupwa. Gubeti liko mita 1 juu ya maji. Ukitoa amari mara saba ya mita 5, umetoa mita 35 na unaona umemaliza. Maji yakijaa mita 4 na kimbunga kikaongeza 2, umbali kutoka gubeti hadi chini umekuwa mita 11. Mita zako 35 sasa ni mara tatu tu, amari imesimama, na inainua nanga badala ya kuilaza. Hesabu sahihi ni 4 na 4 na 2 na 1, jumla 11, mara saba ikiwa ni mnyororo mtupu: mita 77. Ikiwa sehemu kubwa ni kamba, zidisha kwa kumi: mita 110. Kama hori halina nafasi ya kuzungukia hivyo, hilo ni hori la kufunga kwenye mikoko, si la nanga.

Nanga ya vidole vinne inayotumika kwenye matumbawe haishiki mchanga wala tope; inachora mstari tu. Tumia baura (nanga ya mikono miwili) au nanga ya jembe, kubwa kuliko ya kila siku. Tia tatu, kwa umbo la nyota: moja kusini, moja kaskazini, na ya tatu mashariki au magharibi kulingana na upande ambao kitovu kinatazamiwa kupita. Ukiwa na shaka, tia mashariki. Amari zote tatu zikutane kwenye pete moja yenye kifundo kinachozunguka, na kutoka hapo kamba mbili nene za nailoni ziende omo. Bila kifundo hicho, chombo kikigeuka na upepo amari zitasokotana. Kila nanga ivutwe kwa mashine, kinyumenyume, dakika nzima kwa nguvu, isipotikisika, imezama. Pini ya kila pingu ya mnyororo ifungwe kwa waya.

Walio kwenye boya, lililofungwa kwa mnyororo kwenye jiwe la zege chini, wapige mbizi waukague mnyororo huo. Pingili iliyolika mpaka nusu ya unene wake haina kazi. Halafu kuna jiwe la zege lenyewe: tani moja ya zege, ikiwa majini, hubaki na uzito wa kama kilo 570. Yoti ya mita 10 yenye mita 10 za mraba zinazokabili upepo wa kilomita 118 inavutwa kwa kama kilo 670 kabla wimbi halijaipiga teke. Jiwe la tani moja litatembea.

Kamba hukatika wapi

Hukatika pale inapogusa ukingo wa chombo, karibu daima. Nailoni ni nzuri kwa kuwa hunyumbuka na kumeza mshtuko, lakini kunyumbuka huko huku ikipita kwenye ukingo mkali huzaa joto, na kamba huyeyuka kutoka ndani. Bomba la kumwagilia maji ambalo wengi huvisha kamba hufungia joto humohumo na kuzuia mvua isiipoze. Tumia kipande cha mpira wa zimamoto, ngozi, au marudufu yaliyokunjwa mara tatu na kushonwa, yapitishe maji. Ncha zote mbili zifungwe, kisitembee. Bora zaidi, sehemu inayopita ukingoni iwe ya poliesta, kisha iungwe na nailoni nje ya chombo.

Zile kamba za plastiki za kijani na buluu zinazouzwa kila bandari ni rahisi na zinaelea, lakini jua huzila, huyeyuka mapema, na hazifai kushika chombo katika kimbunga. Zitumie kufunga mizigo.

Kigingi cha kufungia kamba nacho kikaguliwe chini yake. Kama kimepigwa skrubu kwenye ubao mtupu, kitang'oka. Kiwe na boliti zilizopenya hadi kwenye bati au ubao mnene upande wa pili. Kwenye jahazi funga kwenye kisiki cha mlingoti na mataruma (mbavu za chombo), ugawe mzigo. Kila kigingi kibebe kamba moja, mbili zikizidi.

Punguza kinachoshika upepo

Matanga yote yashuke na yatolewe nje ya chombo. Tanga la mbele la yoti linaloviringishwa kwenye waya wake ni hatari kuu: upepo huchokoa pembe, tanga hufunguka, na mita za mraba 20 kwa kilomita 118 zinavuta zaidi ya tani 1.3, juu, zikiyumba. Kulifunga kwa kamba haitoshi; litolewe. Turubai la kivuli, paneli za sola, majaketi, ndoo, mashine ya pembeni, kihori, vyote viende nchi kavu. Foromali ya jahazi ilazwe sitahani na kufungwa sehemu tatu. Dafrao (vikinga ubavu) ziwe nyingi kila upande, hata tairi kuukuu.

Ndani, funga valvu zote za chini isipokuwa za kutolea maji sitahani. Ziba mdomo wa bomba la moshi. Betri zijae, pampu ya ngama (ya kutoa maji yaliyokusanyika chini ya chombo) ijaribiwe kwa kumwaga ndoo mbili na kuona swichi ya kuelea inanyanyuka, na chujio lisafishwe, maana uchafu uliolala miaka huamka chombo kikiyumba. Toa dizeli ya akiba, gesi, hati za chombo na redio. Piga picha za kila kitu.

Hakuna anayelala ndani

Kamba zikishafungwa, watu washuke. Kwa upepo wa kilomita 118 mtu hasimami sitahani, hawezi kuongeza mkanda kwenye kamba, wala kihori hakitamfikisha pwani. Nahodha anayebaki haokoi chombo, anaongeza maiti. Hata upepo ukinyamaza ghafla usirudi. Hicho huwa kitovu, na baada ya dakika kadhaa au saa moja upepo hurudi kutoka upande wa pili, bila kuanza polepole.

Siku ya pili, kabla ya kupanda, zunguka kwanza kwa macho. Amari zilizosokotana zisifunguliwe mpaka ujue ipi inashika. Chombo kilichopwelewa kisivutwe kwa mashine kabla ya kuziba matobo na kupiga kalafati kwenye maungio, na kingoje maji ya kujaa. Mashine iliyozama isiwashwe: itoe, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, mwaga mafuta, toa plagi au nozeli, izungushe kwa mkono hadi maji yaishe, jaza mafuta mapya. Ikikaa siku mbili na chumvi ndani, ni chuma chakavu.